Nusu ya Wimbo

Amadinda, marimba ya Buganda, hayana miguu. Vibao 12 vya mti wa lusambya hulazwa juu ya mashina mawili mabichi ya mgomba, kila kimoja kikitengwa na jirani yake kwa vijiti vilivyochomekwa kwenye shina, na wapigaji hukaa pande mbili. Muziki ukiisha, vibao hukusanywa na mashina hutupwa. Mgomba haujawahi kuadimika Buganda. Hata leo, ndani ya jiji la Kampala, utauona umejibanza nyuma ya nyumba za Rubaga na Kawempe. Kilichokuwa adimu siku zote ni watu watatu wanaojua nafasi zao.

Mpigaji wa kwanza huitwa omunazi. Huanza peke yake, kijiti kila mkono, na kila pigo lake hutoa sauti moja mahali pawili, ya chini na mwenzake wa juu, kwa mwendo usiopungua wala kuongezeka. Wa pili, omwawuzi, humkabili kutoka ng'ambo ya vibao, naye huingiza mapigo yake katikati kabisa ya mapigo ya mwenziwe, pale ambapo vijiti vya omunazi vimo hewani. Vibao wanavyogonga ni vilevile 10. Mmoja akichelewa kidogo tu, vijiti hugongana na kila aliyepo hujua. Wa tatu, omukoonezi, ana vibao viwili vya mwisho, vile vidogo vyenye sauti kali. Yeye hutegea sauti mbili nzito kuliko zote zinapojitokeza ndani ya mchanganyiko wa wenzake, kisha huzirudia huku juu. Ukimtazama utadhani ni mtoto aliyepewa cha kuchezea. Kumbe ndiye anayelazimika kuwasikia wote wawili kwa pamoja.

Hakuna hata mmoja kati ya hao watatu anayepiga wimbo. Msikilize omunazi akiwa peke yake: ni mfululizo wa sauti usio na kichwa wala mkia, na Mganda aliyezaliwa Mengo anaweza kuusikia tena na tena asitambue ni wimbo gani. Omwawuzi naye vivyo hivyo. Wimbo hupatikana pale wawili wanapofumana, na hata hapo haumo mikononi mwa yeyote. Sikio hukusanya sauti za chini upande mmoja, za juu upande mwingine, na kutoka humo huchomoza viwimbo ambavyo hakuna aliyevipiga. Luganda ni lugha ambayo sauti ikipanda au kushuka maana hubadilika, kwa hiyo sikio la mwenyeji huokota maneno ndani ya mbao. Mgeni anasikia mvua ya mapigo. Mwenyeji anasikia kisa cha Ssematimba na Kikwabanga.

Sura hii inamhusu mwalimu aliyetumia maisha yake kugawa nusu za nyimbo kwa watu.

Evaristo Muyinda alikuwa mpigaji wa lubiri, yaani makao ya Kabaka, mfalme wa Buganda, pale Mengo, enzi za Mutesa wa Pili. Siku hizi tukitaja muziki wa kulipwa tunafikiria tiketi, mabango na meneja. Lubiri lilikuwa na utaratibu wake, na kwa maoni yangu ulikuwa wa kitaalamu kuliko mwingi tulio nao. Palikuwa na wapiga filimbi, abalere. Palikuwa na wapiga mabaragumu ya vibuyu, amakondere. Palikuwa na akadinda, kubwa kuliko amadinda, yenye vibao 17 au hata 22, ambayo wapigaji wake walitoka Kyaggwe. Juu ya wote palikuwa na entenga: ngoma 12 zilizosawazishwa sauti zikafuatana kama vibao, pamoja na nyingine tatu za kuzisindikiza, zikapigwa na watu sita. Entenga haikutoka nje ya lubiri. Ilikuwa ya Kabaka, basi. Vikundi vilihudumu kwa zamu, na huduma iliandamana na haki ya kukaa kwenye ardhi. Kijana aliingia kupitia ukoo wake. Aliyemfundisha alikuwa baba, baba mdogo au kaka. Hakuna aliyejitangaza kuwa mwalimu, kwa sababu kila mkubwa alikuwa mwalimu wa mdogo aliyekaa mbele yake.

Hugh Tracey, aliyezunguka nusu ya Afrika na mashine ya kurekodi, aliingia lubiri mwaka 1950 na tena 1952. Rekodi alizozichukua bado zinauzwa na kusikilizwa, na ndani yake wamo Muyinda mwenyewe na Temutewo Mukasa, mpiga ennanga, kile kinubi cha lubiri la Kabaka ambacho nyimbo nyingi za amadinda zilitokana nacho. Nazitaja rekodi hizo kwa sababu baadaye zitahitajika.

Kilichomtofautisha Muyinda na wenzake ni mahali alipokwenda kukaa. Makumbusho ya Uganda yalianza mwaka 1908 ndani ya ngome ya zamani ya ofisa wa kikoloni Lugard, yakahamahama, na mwaka 1954 yakapata jengo lake la sasa pale Kitante, kwenye Barabara ya Kira, lililochorwa na msanifu Mjerumani Ernst May. Msimamizi wake tangu 1948 hadi 1957 alikuwa Klaus Wachsmann, Mjerumani mwingine, mwanamuziki aliyekimbia nchi yake na kufika Uganda kufanya kazi na shule za misheni. Wachsmann aliona upuuzi wa kuweka ngoma ndani ya kioo na kuiita maarifa. Ngoma ndani ya kioo ni ngozi na gogo. Akaajiri watu wa kuzipiga mbele ya wageni, na Muyinda akawa uso wa kazi hiyo.

Mwaka huo wa 1954 ulikuwa wa ajabu Buganda. Gavana Mwingereza Andrew Cohen alikuwa amemfukuza Mutesa nchini tarehe 30 Novemba 1953, na Kabaka hakurejea hadi Oktoba 1955. Jengo jipya la kuhifadhi utamaduni likafunguliwa upande mmoja wa mji, na upande mwingine lubiri likiwa halina mwenyewe. Sijui kama kuna aliyecheka wakati huo, lakini Waganda wana ucheshi mkali.

Pale Kitante, mtu aliyelelewa katika muziki wa faragha ya mfalme alikaa mahali ambapo mlango uko wazi. Aliweza kuingia mtoto wa shule, karani wa mjini, mtu wa kabila lolote, mzungu. Muyinda akawafundisha. Akaenda mbali zaidi: katika lubiri kila kundi lilipiga kivyake, lakini yeye akaunda okestra ya Kiganda iliyochanganya vinubi, zeze, filimbi, amadinda na ngoma katika jukwaa moja. Wapo waliolalamika, na wapo wanaolalamika hadi leo, kwamba alivuruga mpangilio. Nadhani malalamiko yao yana msingi. Nadhani pia kwamba mtu aliyeujua mpangilio kuliko wao ndiye aliyekuwa na haki ya kuuvuruga.

Mwishoni mwa mwaka 1959 aliwasili Kampala kijana kutoka Vienna, mpiga klarineti wa jazi, aliyeingia Afrika kwa kuomba lifti barabarani. Jina lake Gerhard Kubik. Baadaye angekuwa mmoja wa wataalamu wakubwa wa muziki wa Afrika, lakini siku hizo alikuwa mwanafunzi aliyeketi sakafuni akishika vijiti. Muyinda hakumpa nadharia. Hakumwandikia kitu. Alimpa mfululizo wa sauti, sehemu ya omunazi, ajifunze hadi mikono yake iweze kuuendesha bila kuuuliza ubongo. Kisha yeye mwalimu akaingiza nusu yake.

Hapo ndipo ugumu ulipo, na yeyote aliyejaribu anaujua. Peke yako ulikuwa unakwenda vizuri. Mwenzako akiingia, masikio yako yanajaa wimbo ambao hukuupiga, wimbo mtamu, na ukigeuka kuusikiliza mikono yako inapotea. Lazima uusikie bila kuufuata. Kubik alishangazwa na jambo hilo kiasi cha kulifanya kazi ya maisha: viwimbo vinavyosikika ambavyo hakuna mkono uliovipiga. Mwaka 1960 alichapisha makala kuhusu muundo wa muziki wa amadinda katika jarida la African Music, na mwaka 1962 nyingine kuhusu viwimbo hivyo vinavyojitokeza vyenyewe. Wanamuziki wa Ulaya na Marekani wamekuwa wakizisoma tangu hapo. Kila ukurasa wake ulianza kwa mwalimu mmoja wa Kitante kukaa upande wa pili wa vibao.

Lakini somo kubwa zaidi, kwangu mimi, ni la omwawuzi. Mtu aliyefunzwa muziki kwa njia ya Ulaya akipewa sehemu hiyo hujaribu kuihesabu kama pigo la pembeni, kitu kinachoegemea pigo kuu la mwenzake. Kwa mwendo wa polepole atamudu. Mwendo ukipanda, na amadinda hupigwa kwa kasi ya kutisha, ataanguka, maana hakuna binadamu anayeweza kuegemea kitu kinachokimbia hivyo. Wapigaji wa Buganda hawaegemei. Omunazi anasikia mapigo yake kuwa ndiyo yanayobeba. Omwawuzi naye anasikia yake kuwa ndiyo yanayobeba. Wote wawili wako sahihi kwa wakati mmoja. Ndani ya muziki huo hakuna kiongozi na msindikizaji kama tunavyowajua kwenye bendi. Wapo wawili, kila mmoja akiwa nguzo, na kila mmoja akiishi katika nafasi alizoachiwa na mwenzake.

Fikiria basi maana yake kwa mwalimu. Mwalimu wa piano anaweza kusimama nyuma ya mwanafunzi akasahihisha vidole huku akiwaza chakula cha mchana. Mwalimu wa gitaa anaweza kupiga wimbo mzima kwa ufundi wa kumkatisha tamaa mwanafunzi, kisha akamwambia akajaribu nyumbani. Muyinda hakuwa na nafasi ya kufanya lolote kati ya hayo. Ili mwanafunzi ajue nusu yake, mwalimu lazima apige nusu ya pili, kwa kasi ambayo mwanafunzi anaiweza, muda wote ambao mwanafunzi anauhitaji. Mwanafunzi akianguka, kazi ya mwalimu nayo inageuka kelele papo hapo. Hana pa kuonyeshea ubingwa wake isipokuwa katika uthabiti: kuwa palepale, pigo kwa pigo, hadi mwenzake asimame. Nimewahi kuwasikia wanamuziki wakimsifu mlezi wao kwa kuwapa jukwaa, vifaa, nauli, majina ya watu wa kuwapigia simu. Ni mambo mema. Sijasikia mara nyingi mlezi akisifiwa kwa kutoongeza kasi.

Halafu ulikuja mwezi Mei.

Tarehe 24 Mei 1966, jeshi la serikali ya Milton Obote, likiongozwa na Idi Amin, lilishambulia lubiri la Mengo. Mutesa aliruka ukuta akaponyoka, akafika London, akafia huko mwaka 1969. Ala za kifalme ziliteketea au zikapotea. Wapigaji waliosalimika walitawanyika. Katiba ya mwaka 1967 ikafuta falme zote, na lubiri likawa kambi ya askari. Ninaandika haya kwa Kiswahili nikijua fika kwamba kwa wazee wengi wa Mengo hii ni lugha ya jeshi, lugha iliyosikika upande wenye bunduki. Sina dawa ya hilo. Labda inafaa kwamba Kiswahili nacho kisimulie kilichonyamazishwa.

Kilichoharibika siku ile kilikuwa zaidi ya mbao na ngozi. Lusambya inaota, ng'ombe wapo, fundi anaweza kuchonga upya. Kilichovunjika ni mpango wa watu kukaa pamoja. Mpiga ennanga aliyekimbilia kijijini aliweza angalau kujipigia na kujiimbia usiku, kwa sauti ndogo. Mpiga entenga alibaki na sehemu yake kichwani: moja kati ya sita. Ukimkuta mtu aliyebeba sehemu ya sita ya wimbo, hujaukuta wimbo.

Lakini amadinda yalipona. Nusu zake zilikuwa zimesambaa kwa miaka mingi nje ya ukuta uliobomolewa, mikononi mwa watu ambao Kabaka hakuwahi kuwajua. Peter Cooke, Mwingereza aliyefundisha muziki Kyambogo katika miaka hiyo ya 1960, alijifunza kutoka kwa Muyinda na wapigaji wengine wa lubiri, akaendelea kuuandikia na kuurekodi muziki huo maisha yake yote. Albert Ssempeke, aliyekuwa mpiga filimbi wa Kabaka, alizimudu ala nyingine pia na kufundisha kizazi kilichofuata. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikwenda Edinburgh kwa mwaliko wa Cooke, akawafundisha Waskoti nyimbo ambazo mjini kwao hazikuwa na pa kuchezwa. Falme ziliporudishwa na Ronald Mutebi akatawazwa tarehe 31 Julai 1993, walikuwepo watu wa kukaa kwenye vibao. Ssempeke alifariki mwaka 2006, na mwanawe mwenye jina lilelile anapiga ennanga na kufundisha.

Entenga ilichukua muda mrefu zaidi, kwa sababu haikuwahi kupata Kitante yake. Ilikaa kimya karibu nusu karne. James Isabirye, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Kyambogo, alipoanza kuitafuta, kati ya waliowahi kuipiga lubiri alimpata Mzee Musisi Mukalazi Livingstone. Vijana wakaletwa, ngoma zikatengenezwa, na mzee akaanza kugawa sehemu. Hapa ndipo rekodi za Tracey zilipolipa deni lao, ingawa rekodi ina ukaidi wake: inakupa kile kinachosikika, na katika muziki huu kinachosikika sicho kinachopigwa. Unaweza kuisikiliza sahani ya Tracey mwezi mzima usijue mkono upi uligonga ngoma ipi. Anahitajika mtu aliyewahi kuketi pale akuambie: hii yako, hii ya mwenzako, usiishike.

Busoga, mashariki ya Nile, hadithi inafanana. Bigwala ni mabaragumu ya vibuyu, matano au zaidi, kila moja likitoa sauti moja tu, na wimbo huundwa kwa kupokezana. UNESCO ilipouingiza muziki huo mwaka 2012 katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, wazee mahiri waliokuwa wamebaki walikuwa wanne. Wazee wanne na mabaragumu matano: hesabu hiyo haihitaji maelezo. Isabirye alikuwa na mkono katika uokoaji huo pia, na njia ilikuwa ileile, kuwakalisha vijana karibu na wazee.

Mtu anaweza kusema haya ni ya wafalme na majumba ya makumbusho, hayamhusu mwanamuziki wa leo anayetafuta kodi ya nyumba Ntinda. Basi mwendee Moses Matovu. Afrigo Band iliundwa mwaka 1975, Amin akiwa madarakani, na wanamuziki ambao baadhi yao walitoka bendi ya Cranes. Mwaka 2025 ilitimiza miaka 50, Matovu akiwa bado na saksafoni yake mbele. Bendi ngapi za Kampala zimezaliwa na kufa katika nusu karne hiyo, nyingi zikifa kwa ugomvi wa nani ni nani? Afrigo imepitiwa na waimbaji wengi wakubwa. Joanita Kawalya alikaa. Rachael Magoola alivuma nayo kwa wimbo Obangaina, baadaye akaingia siasa na mwaka 2021 akawa mbunge wa Bugweri. Bendi haikubomoka kwa kuondoka kwa yeyote, wala haikumfungia mlango anayerudi. Ukiitazama jukwaani utaona kwa nini: saksafoni ya Matovu huingia pale mwimbaji anapovuta pumzi, na mwimbaji akirudi saksafoni imeshatoka. Sidai kwamba Matovu alijifunza hilo kwa Muyinda. Nasema wanaodumu katika mji huu wanafanana kwa jambo hilo.

Shida ya sasa iko kwenye mazoezi. Kijana wa Makerere au Kyambogo anayejifunza amadinda anaporudi hosteli jioni, hana wa kukaa naye. Wengine huirekodi nusu ya kwanza kwenye simu, kisha wakapiga ya pili juu yake. Inasaidia kidogo. Simu haichoki, na kwa kukariri mfululizo haina mpinzani. Ila simu haikusikilizi. Ukianza kuteleza haikungoji, wala haikushiki. Na mbaya zaidi, haiwezi kuteleza yenyewe, kwa hiyo hujifunzi kamwe kumshika mwenzako anayeyumba, kazi ambayo jukwaani utaifanya kila usiku. Vijana wanaotunga midundo kwenye kompyuta wana shida hiyohiyo kwa sura nyingine. Wana kila ala waitakayo na hakuna hata moja inayowajibu.

Ningekuwa na madaraka juu ya usajili wa wanafunzi wa muziki Kampala, ningewapokea wa amadinda watatu watatu, fomu moja, ada moja, mtihani mmoja. Walimu wangelalamika kwamba hawajui alama za nani ni za nani. Na yule anayependa kuchelewa darasani angekuwa na watu wawili wa kuwaeleza alikuwa wapi.